Gari Lisilo na Dereva

Baba mkwe wangu haoni, lakini alitaka picha.

Maneno hayo aliyaleta mume wangu, Lwitiko, kutoka kwao Lufingo, siku ya mvua kama zilivyo siku nyingi za Tukuyu. Aliingia dukani kwangu Bulyaga akiwa ameloa hadi soksi, akaweka juu ya mashine ya fotokopi lori dogo la plastiki, jekundu, lenye madirisha meusi. Akasema mzee anataka ligeuzwe liwe gari lake. Gari lake maana yake ni lile lori la kubeba majani mabichi ya chai aliloliendesha kutoka mashambani hadi kiwandani, mpaka wote wawili wakachoka. Mzee alirudi Lufingo kwenye migomba yake. Lori lilikatwakatwa likauzwa vyuma chakavu.

"Kataja mambo matatu," Lwitiko alisema huku akikamua shati lake kwenye sakafu niliyotoka kuipiga deki. "Liwe la kijani. Liwe na vioo vya pembeni. Na yeye mwenyewe aonekane dirishani, anaendesha."

"Aonekane na nani?"

"Sijui. Kasema aonekane."

Nikamwambia akakamulie shati nje.

Mimi nina stesheneri. Natoa fotokopi, napiga picha za pasipoti, nachapa kadi za harusi na ratiba za mazishi. Lakini kazi iliyonipa jina mjini ni ya magari madogo ya watoto. Nayachukua sokoni Mwanjelwa, yale ya plastiki ya kawaida, nayabandika majina na rangi za mabasi makubwa, au jina la mtoto, au maneno ambayo baba wa mtoto angeyaandika kwenye basi lake kama angekuwa na basi. Mwanzoni watu walinicheka. Siku hizi wananiletea magari wenyewe, na wengine hawana hata mtoto.

Stika ninazotumia si zile za kubandua na kubandika. Zile kwenye gari dogo zinakaa kama plasta ya kidonda. Natumia karatasi ya maji. Unachapa picha, unaipaka vanishi, unaikata, unaizamisha kwenye sahani ya maji, na baada ya muda picha inateleza yenyewe kutoka kwenye karatasi, nyembamba kama ganda la kitunguu, unaishusha taratibu juu ya plastiki. Ikikauka, mtu anadhani ilitoka nayo kiwandani.

Karatasi hizo Tukuyu hazipo. Naagiza kwa dada mmoja wa Dar anayeitwa Imakulata, ambaye kila mara ananihoji kwenye Watsapu kama trafiki aliyekosa kosa: ya printa ya wino au ya leza? Ya kioo au nyeupe?

Swali la kwanza ukikosea, wino unaondoka na maji. Niliwahi kukosea. Baba mmoja wa Kiwira alinirudishia basi la mwanawe akisema jina limebaki kwenye beseni la kuogea, akataka nimweleze mtoto.

Swali la pili ndilo gumu zaidi. Printa haina wino mweupe. Penye weupe kwenye picha, yenyewe haichapi kitu, inaiachia karatasi kazi hiyo. Karatasi ya kioo, ile inayoonyesha hadi upande wa pili, ukiibandika juu ya plastiki nyeupe inatoka safi na kingo zake huzioni. Ukiibandika juu ya plastiki nyeusi, picha inamezwa yote, hata iwe ya nani. Kwenye kitu cheusi inatakiwa karatasi nyeupe. Kwenye hiyo, sura inakaa vizuri, ila lazima uikate kwa mkasi mdogo ukifuata kingo zenyewe, sikio kwa sikio, la sivyo mtu anabaki na utepe mweupe kuzunguka kichwa kama mtakatifu.

Madirisha ya lori la mzee yalikuwa meusi. Kwa mteja mwingine nisingepoteza muda kufikiri. Shida ni kwamba mimi sijawahi kuuona uso wa baba mkwe wangu.

Kwa asiye wa kwetu nitaeleza mara moja tu. Mkamwana wa Kinyakyusa hamwangalii baba mkwe wake. Hamkuti njiani, haketi naye chumba kimoja, halitaji jina lake. Mjini wengi wamelegeza, na mchungaji wetu alishahubiri kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati, ingawa mke wa mchungaji bado anajificha. Kwenye ukoo wa kina Lwitiko hakuna aliyelegeza. Jina la mzee sitaliandika hapa. Anayelitaka aende Lufingo akaulize. Akija mteja dukani mwenye jina hilo, namsogezea kibodi aliandike mwenyewe.

Tulipooana tuliishi Lufingo kwanza, na mimi nilikuwa nachuma chai kandokando ya barabara ileile aliyokuwa akipita na lori. Alikuwa anapiga honi kabla ya kona ili nipate nafasi. Nikisikia honi naingia katikati ya chai, nainama, naligeuzia gari mgongo mpaka lipite. Kwa hiyo mkwe wangu nilimjua kwa honi, kwa kikohozi, na kwa viatu alivyoviacha mlangoni. Nilimjua na kwa mambo mengine. Nilipotaka kufungua duka na Lwitiko akawa anazungukazunguka na maneno, mzee aliuza dume lake la ng'ombe na printa ikaletwa hadi mlangoni kwangu. Nilimshukuru nikiwa nyuma ya ukuta wa jikoni. Alikohoa. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu.

Baba yangu mzazi alifariki mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni. Sura yake pia siijui. Nasema hili ili lieleweke kwamba sikuwa nikichezea heshima. Nilitaka kumwona huyu mzee. Nilitaka sana. Madaktari walishamrudisha nyumbani wakasema ale anachopenda, na sote tulijua maana yake. Jirani yetu mmoja alimwona mkwewe kwa mara ya kwanza siku ya kuaga, kwenye mstari, jeneza likiwa wazi. Alirudi akaniambia, "Kumbe alikuwa mzuri wa sura." Kila nilipolikumbuka neno hilo nilikosa raha siku nzima.

Basi nikaanza na yaliyo rahisi. Lori nikalipeleka kwa Jairo, fundi anayepuliza rangi pikipiki, akalifanya la kijani na kuniuliza kama lina bima. Vioo vya pembeni nilivitengeneza kwa karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara, nikaikunja juu ya kadi ngumu, mikono yake nikaiweka njiti za kiberiti. Nilimwambia Lwitiko kwamba sijapata kusikia dereva asiyeona akidai vioo. Akasema mzee alilitaja hilo la vioo mara mbili.

Picha ililetwa ndani ya bahasha. Sikuifungua. Nilimpa Winfrida, mwenye saluni mlango wa pili, ambaye kwao ni Songea na mambo yetu ya kujifichana anayaona kama mchezo wa watoto. Nilimfundisha kuiskani na kuipunguza, mimi nikiwa nimeigeukia kalenda ya ukutani.

"Ana masikio," Winfrida alisema.

"Kila mtu ana masikio."

"Siyo haya."

Nikaendelea kusoma kalenda.

"Nichape kwenye ipi?" akauliza.

Dukani nilikuwa na karatasi za kioo tu, lakini sitasema hiyo ndiyo sababu, maana nyeupe ningeweza kuagiza. Nilichagua ya kioo kwa makusudi. Nilijua kabisa dirisha jeusi litaimeza picha. Nikajiambia kwamba hiyo ndiyo heshima yenyewe: mzee atakuwemo ndani ya gari lake kama alivyoagiza, na mimi sitakuwa nimemwona, na hakuna atakayesema mkamwana wa fulani alikaa na uso wa mkwewe mezani akiukata kwa mkasi. Tena mwenyewe haoni. Nani angejua?

Winfrida aliikausha kwa drayeri yake ya nywele, maana kwa mvua ile hata kitambaa cha meza kilikuwa hakikauki, akaipaka rangi ya kucha isiyo na rangi, akaibandika. Alipomaliza nikageuka. Dirisha lilikuwa jeusi vilevile. Ilikuwa stika nzuri kuliko zote zilizowahi kutoka dukani kwangu, na haikuonekana hata kidogo.

Lwitiko akalipeleka Lufingo. Jumapili iliyofuata alirudi nalo.

"Vipi tena?" nikauliza.

"Alilipapasa lote. Vioo kavipenda, kavishika muda mrefu mpaka nikaogopa ataving'oa." Akaliweka lori juu ya fotokopi, palepale pa mwanzo. "Halafu akaniuliza kama aliyelitengeneza amemwona dereva."

"Ukamjibu nini?"

"Nikasema hapana. Nikamweleza mambo yako ya karatasi, kwamba picha imemezwa."

"Kwa nini usingesema ndiyo?"

"Ikupa, yule ni baba yangu na anakaribia kufa. Nimdanganye kuhusu gari la plastiki?"

"Akasemaje?"

Lwitiko aliigiza sauti ya baba yake na lafudhi yake ya Kinyakyusa, jambo ambalo huwa nalikataza. "'Gali halina delefa. Liludi.'"

Nilikasirika. Nilimkasirikia Lwitiko, nikaikasirikia mvua, nikamkasirikia na mzee mwenyewe kimyakimya. Kama alitaka nimwangalie, si angesema. Lakini hata nilipokuwa nikinung'unika nilijua ninachosema ni upuuzi. Baba mkwe atamwambiaje mkamwana wake "niangalie"? Kwa kinywa cha nani? Jirani yangu mwenye duka la dawa akisikia, mji mzima umesikia. Mzee alikuwa ameyatuma maneno hayo kwa njia moja tu iliyokuwepo, ndani ya lori la mtoto, nami nikayarudisha yakiwa yamepakwa vanishi.

Nikaenda kwa Winfrida nikamweleza alichouliza mzee, nikamwomba tuanze upya, kwa karatasi nyeupe safari hii, na yeye ndiye akate.

"Swali kaulizwa nani?" Winfrida alisema bila kuondoa macho kwenye kichwa cha mteja. "Mimi si mkamwana wa mtu hapa. Kata mwenyewe."

Mteja, akiwa amesukwa nusu ya kichwa, alisema naye anakubaliana.

Nikamwandikia Imakulata.

"Ya wino au leza?" akauliza, ingawa anaijua printa yangu kuliko mume wangu.

"Wino."

"Kioo?"

"Nyeupe."

"Wewe huwa huchukui nyeupe. Unasema kukata kunakuchosha."

"Safari hii nitakata."

Mzigo ukapandishwa kwenye basi. Wakati huo Lwitiko akawa analala Lufingo, na kila akipiga simu habari zilikuwa fupi kuliko za jana yake. Mzee amekunywa uji. Mzee ameukataa uji. Mzee ameuliza gari liko wapi. Nilikuwa nikichapa ratiba za mazishi ya watu wengine huku nikiomba Mungu basi lisiharibike njiani. Kwenye ratiba mojawapo nilikosea saa ya ibada, nikaichapa upya bila kuambiwa.

Karatasi zilipofika nilifunga mlango wa duka mchana kweupe. Nilibandua stika ya kwanza kwa utepe wa gundi. Kisha nikafungua bahasha.

Sikugeukia kalenda. Niliitoa picha nikaiweka mezani.

Alikuwa kijana kuliko nilivyotegemea, maana ilikuwa picha ya siku nyingi. Ameweka kiwiko kwenye mlango wa lori, kofia ameisukuma nyuma. Winfrida alisema kweli kuhusu masikio. Yalikuwa yameachana na kichwa kabisa, yakasimama kila moja kwa shauri lake, na ndiyo hayohayo ya Lwitiko, ambayo miaka yote nilidhani kayatoa kwa mama yake. Nyusi ya kushoto ilikuwa imekatika katikati kwa kovu dogo. Mdomo ulikuwa umefungwa, lakini ulifungwa na mtu anayezuia kicheko kwa sababu mpiga picha amemwambia atulie.

Nililia. Sikulia kwa sauti, kwa sababu ukuta wa saluni ni mbao. Nililia kwa sababu huyu alikuwa mtu wa utani, na mimi mwenyewe napenda utani, na tulikuwa tumeishi jirani miaka yote hiyo tukikoholeana.

Kisha nikafanya kazi. Nikaichapa kwenye karatasi nyeupe, ndogo kama ukucha wa kidole gumba, nikaikausha, nikaipaka rangi ya kucha, nikachukua mkasi mdogo. Kukata karatasi nyeupe hakukuruhusu kupepesa macho. Nikazunguka kofia, nikaingia kwenye sikio na kutoka, nikashuka kidevu, nikapanda sikio la pili. Karatasi niliizamisha kwenye sahani, nikasubiri, na mzee akateleza akanijia kwenye ncha ya kidole. Nikamweka dirishani kwake. Weusi haukummeza. Alikaa pale na kiwiko chake, ananiangalia.

Lori hilo sikulituma. Nilipanda pikipiki nikalipeleka mwenyewe, nikiwa nimelifunga kwenye khanga kifuani ili mvua isiliguse.

Lufingo niliingia kwa mlango wa jikoni, kama kawaida. Jiko la pale limetenganishwa na chumba cha mzee kwa ukuta wa tofali ambao haukufika juu. Mtu akigeuka kitandani unamsikia. Nikampa Lwitiko lori, nikakaa kwenye kigoda karibu na moto. Nikamsikia akiingia, akisema, "Tata, gari limerudi." Nikasikia kitanda kikilia, mzee anainuliwa. Najua alikuwa anapapasa, maana njiti moja ya kiberiti iligonga kitu, halafu ukucha ukakwaruza plastiki polepole. Karatasi nyeupe ni nene kidogo kuliko ya kioo. Mtu mwenye subira anaisikia kwa kidole ilipoanzia na ilipoishia.

"Yumo," mzee alisema. Sauti ilikuwa imepungua sana. "Aliyelitengenesa amemwona?"

"Amemwona," Lwitiko akajibu.

"Amemwona fisuli?"

"Vizuri kabisa. Amemkata mwenyewe kwa mkasi."

Niliangalia moto. Nilikuwa naogopa, na siwezi kusema nilichokuwa nakiogopa.

"Ndaga fijo," mzee alisema, akashukuru kwa Kinyakyusa kama mtu aliyepokea kitu mkononi. "Basi mwambie na mimi nilishamwona samani."

"Ulimwona wapi, tata?"

"Kwenye kioo cha gali. Napiga honi, anaingia kwenye chai, ananipa mgongo. Anafanya fisuli. Nikishapita, anasimama. Anakung'uta kitenge chake, halafu anatasama gali linafyokwenda mpaka kona. Kila siku. Mimi namwona tu kwenye kioo." Akapumzika kidogo kupata pumzi. "Nikaona si haki. Mimi nimemwona, yeye hajaniona."

Nilijifunika uso kwa khanga ileile iliyobeba lori.

Lwitiko akatoka chumbani, akaja mlango wa jikoni kunipa ujumbe, kama utaratibu unavyotaka, ingawa ukuta ule hauzuii hata sauti ya mtu kumeza mate.

"Baba anasema alikuwa anakuona kwenye kioo cha pembeni."

"Nimesikia."

"Nimwambie nini?"

Nilifikiri. Kwa maisha yetu yote mimi na mzee, hilo lingekuwa jambo la pili mimi kumwambia, baada ya asante ya printa.

"Mwambie ni kweli nilikuwa natazama," nikasema. "Mwambie nilidhani dereva anaangalia mbele."

Lwitiko akageuka kurudi. Hakuwa amefika hata katikati ya ukumbi, nikasikia mzee anacheka.